Bega Likiteguka: Miezi Mitatu ya Mazoezi kwa Mti wa Dekio, Khanga na Tyubu ya Baiskeli

Bega langu la kulia lilitoka dakika za mwisho za mechi ya walimu na wanafunzi. Nilikuwa golini, mwalimu wa hesabu wa miaka 38 mwenye kitambi kidogo. Nikaruka upande nimenyoosha mkono, nikatua juu yake. Mlio niliousikia ulikuwa kama wa paja la kuku linapochomolewa. Wanafunzi walicheka kwanza, wakanyamaza waliponiona nimekaa chini nimekumbatia kiwiko na sithubutu kukiachia.

Hospitali walilirudisha ndani ya dakika chache baada ya kunichoma sindano ya usingizi. Kulifanya likae ndiko kulikochukua miezi mitano, na angalau miwili kati ya hiyo niliipoteza kwa makosa ambayo ningeyaepuka kama mtu angenikalisha chini siku ya kwanza akanieleza. Nilichopewa ni slingi (kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni), dawa za maumivu na maneno "usiusumbue mkono". Haya hapa ndiyo ambayo ningependa kuambiwa siku ile. Mengi nilifundishwa baadaye na dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, au fizio kwa kifupi, mkali kuliko mkuu wangu wa shule.

Kilichomo ndani

Anza hapa, maana ukielewa hutahitaji kukariri makatazo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na pale kinapokaa kwenye kombe la bega ni padogo na hapana kina. Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi, umepata bega. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana unatoka. Chungwa hilo linazuiwa na ukingo wa gegedu (tishu ngumu inayonyumbulika, kama ya sikio) kuzunguka kisosi, mfuko wa kano uliofunika kiungo, na misuli minne midogo iliyolikumbatia.

Bega linapotoka, na kwa zaidi ya watu tisa katika kumi hutokea mbele, ukingo ule huchanika na mfuko hulegea. Daktari akilirudisha amerudisha mfupa tu. Gegedu na kano zinabaki na jeraha, nazo huchukua wiki nyingi. Misuli ndiyo sehemu pekee unayoweza kuifundisha kazi, na fizio yote inalenga hapo.

Sasa shika mkao mmoja: kiwiko kimeinuliwa pembeni ya bega, kiganja kimegeuzwa nje na nyuma, kama anayetaka kurusha jiwe. Huo ndio mlango bega linapotokea. Tutauita mkao wa kurusha. Watu husema "mimi sirushi chochote", kumbe wanauingia mara ishirini kwa siku: kushika bomba la daladala, kushikilia ndoo kichwani, kuvaa koti, kunyoosha mkono kuchukua mkoba kiti cha nyuma, kulala kiganja kikiwa chini ya kisogo.

Kabla ya zoezi la kwanza

Kama bega bado liko nje, hakuna fizio hapo. Usikubali mtu akuvute uwanjani, hata awe yule mzee anayesifika mtaa mzima. Huenda kweli ameshayarudisha mengi. Lakini haoni kama pana mfupa uliovunjika, na mkono uliovunjika ukivutwa unaweza kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Ufunge kwa khanga jinsi ulivyo, nenda upigwe picha ya eksirei, lirudishwe, upigwe nyingine.

Wala usichuliwe. Kuna watu wanakaa mwezi mzima nyumbani wakikandwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta kwa imani kwamba "mshipa umekaa vibaya", na mfupa uko nje muda wote huo. Zikipita kama wiki tatu, kulirudisha kwa mikono huwa kugumu sana na mara nyingi upasuaji ndio unaobaki.

Kabla hujatoka hospitali, uliza: limetokea mbele au nyuma? Kuna mfupa uliovunjika? Slingi nivae siku ngapi? Kisha gusa ngozi ya nje ya bega, pale askari anaposhona cheo chake kwenye mkono wa shati. Kama pana ganzi, au huwezi kuinua kifundo cha mkono au kukunjua vidole, sema hapo hapo. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliovutwa, na kwa wengi hurudi wenyewe baada ya wiki au miezi, ila inatakiwa iandikwe kwenye faili ili ifuatiliwe. Kiganja kikiwa cha baridi na kimepauka, hiyo ni dharura, usiondoke.

Neno kwa wenye kifafa na waliopigwa shoti ya umeme: bega lao mara nyingi hutokea nyuma, na kwenye picha ya kawaida linaweza kupitwa bila kuonekana. Makatazo yao ni tofauti na haya, kwa hiyo wasiufuate mwongozo huu. Waliovunjika mfupa au kufanyiwa upasuaji nao wafuate ratiba ya daktari wao.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu

Slingi ni ya kupumzisha, haiponyi. Hili sikulijua. Nilikaa nayo wiki tano, usiku na mchana, nikijiona mgonjwa mtiifu. Nilipoivua, kiwiko hakikunyooka na bega lilikuwa limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Wengi hutosheka na wiki moja hadi tatu, na kukaa nayo zaidi hakujaonekana kupunguza uwezekano wa bega kutoka tena. Kadiri umri unavyokwenda ndivyo bega linavyokakamaa upesi, kwa hiyo waliovuka miaka 40 huvuliwa mapema zaidi ya vijana. Namba yako kamili atakupa aliyeiona picha yako.

Slingi ikae hivi: kiwiko kimezama ndani hadi mwisho, kiganja kiko juu kidogo ya kiwiko, na uzito unabebwa na kitambaa. Ikikata shingo, weka khanga iliyokunjwa chini ya mkanda. Khanga yenyewe inatosha kuwa slingi kama hukupewa ya dukani. Ikunje pembetatu, fundo likae pembeni ya shingo, lisikae juu ya uti.

Kulala ndiko kunakotesa. Lala chali, weka mto mdogo au shuka lililokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usidondokee nyuma. Wengine siku za mwanzo hulala nusu wamekaa, wameegemea mito. Shati: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Mashati ya vifungo ni rafiki, fulana zisubiri. Kuosha kwapa, inama mbele, mkono uning'inie wenyewe mbali na mbavu, uoshe kwa mkono mzima. Usiuinue. Kwenye swala nilisali nimekaa kitini, takbira nikiinua mkono wa kushoto tu. Kusujudu kwa kuegemea viganja kulisubiri.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara tatu nne kwa siku, husaidia siku za mwanzo.

Na mazoezi? Yanaanza wiki hii hii, maumivu makali yakipungua na daktari akiruhusu. Toa mkono kwenye slingi mara nne kwa siku:

Finya soksi iliyoviringishwa, mara 20. Kunja na kunjua kiwiko mara 10 huku kimebaki ubavuni. Zungusha kifundo. Haya yanaonekana ya kitoto, lakini niliyakosa wiki tano na vidole vilivimba hadi pete ikatolewa kwa sabuni.

Kisha pendulo. Egemea meza kwa mkono mzima, inama hadi mkono mgonjwa uning'inie kama kamba. Yumbisha kiuno chako, mkono ufuate. Mbele na nyuma, kisha miduara ya ukubwa wa sahani, dakika moja au mbili. Kosa la karibu kila mtu ni kuuzungusha mkono kwa misuli ya bega. Dada wa fizio alinishika kiwiko akasema, "Mwalimu, unachora duara. Nimekwambia utikisike wewe, mkono uachie." Ilinichukua siku tatu kuuachia.

La mwisho la hatua hii: kaa wima, vuta makombe ya bega nyuma na chini kidogo, kama unataka kuyaweka kwenye mifuko ya nyuma ya suruali. Shikilia sekunde 5, mara 10. Kombe ndicho kisosi chenyewe; kikiinama mbele siku nzima kwa sababu ya slingi, chungwa nalo linaelekea mbele.

Wiki ya tatu hadi ya sita

Hapa ndipo nakuomba usome polepole. Maumivu yanapungua sana kipindi hiki. Unalala. Unashika kikombe cha chai. Watu wanakuona bila slingi na kukuomba uwashikie mtungi wa gesi. Wewe mwenyewe unaanza kuamini umepona, wakati jeraha la ndani bado bichi. Dada yule alilinganisha bega langu na lipu iliyopigwa jana: kwa macho ukuta umekwisha, ukigonga msumari unabomoka.

Kwanza, misuli ifanye kazi bila kiungo kusogea. Simama ubavu kwa ukuta, kiwiko kimekunjwa kama herufi L, taulo dogo katikati ya kiwiko na mbavu. Sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, kuelekea nje. Tumia theluthi ya nguvu zako. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara 10. Geuka, sukuma fremu ya mlango kwa upande wa ndani wa kiganja. Tazama ukuta, sukuma kwa ngumi. Upe mgongo, sukuma kwa kiwiko. Mielekeo minne, mara mbili kwa siku. Taulo likianguka, kiwiko kimetoka mahali pake, anza upya.

Pili, mti wa dekio. Lala chali, shika mti kwa mikono miwili, mkono mzima uubebe mgonjwa kuelekea darini. Mwanzoni ishia pale mikono inapotazama dari moja kwa moja; kadiri wiki ya sita inavyokaribia, songa mbele kidogo kidogo kuelekea kichwani, bila kulazimisha. Kisha ukiwa bado chali, viwiko ubavuni vimekunjwa, tumia mti kuusukuma mkono mgonjwa uelekee nje. Hapa kuwa na choyo. Ngumi ikielekea darini moja kwa moja ndiyo sifuri. Wiki ya nne ongeza kidogo, na kufikia wiki ya sita usivuke nusu ya njia ya kwenda sakafuni. Kila unapogeuza nje unaukaribia mkao wa kurusha, na ukiwahi sana unavuta jeraha lile lile.

Tatu, buibui. Simama mbele ya ukuta au mlango, vidole vipande vyenyewe kama buibui, vishuke vivyo hivyo. Usiinue bega kuelekea sikio ili kudanganya urefu. Mimi nilitumia chaki, ninazo nyingi. Kila Jumapili nilichora mstari kwenye fremu ya mlango wa chumbani pale kidole cha kati kilipofika. Wiki ya kwanza ya zoezi hilo mstari ulikuwa usawa wa kidevu changu. Wiki mbili hazikusogea hata kidole kimoja, nikakata tamaa. Ya tatu ikaruka karibu upana wa kiganja. Bila mistari ile ningeacha.

Kuhusu maumivu, kipimo nilichopewa ni hiki: yapime kutoka sifuri hadi kumi. Yakibaki tatu au chini yake na kutulia ndani ya nusu saa, endelea. Yakikuamsha usiku au ukiamka asubuhi mkono mzito kuliko jana, siku hiyo punguza nusu. Usiache kabisa. Kuacha na kuanza upya kila wiki ndiyo njia ndefu kuliko zote.

Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili

Nguvu sasa. Nenda kwa fundi baiskeli uombe tyubu iliyochoka, ikate upate utepe wa mita moja na nusu, uufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Vuta kwanza uone fundo linashika. Langu liliponyoka likanichapa sikio.

Taulo kwapani, kiwiko ubavuni. Vuta tyubu kuelekea nje, kisha irudi taratibu kwa hesabu ya nne. Huko kurudi polepole ndiko kunakojenga zaidi, na ndiko watu wanakokuruka. Geuka uvute kuelekea tumboni. Kisha ishike kwa mikono miwili uvute viwiko nyuma kama anayepiga kasia. Kumi hadi kumi na tano, raundi tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Ukimaliza ya kumi na tano bila kuhisi kitu, fupisha tyubu.

Kwenye ukuta, weka viganja usawa wa kifua ufanye pushapu za kusimama, na mwisho wa kila moja sukuma zaidi kidogo hadi makombe yafunguke. Zikishazoeleka, hamia kwenye ukingo wa meza nzito. Sakafu isubiri miezi mitatu ipite.

Wiki ya saba mimi nilipanda daladala, nikashika bomba kwa mkono wa kulia kwa mazoea. Dereva akakanyaga breki. Halikutoka, ila nilihisi chungwa linapanda ukingo na kurudi, na jasho likanitoka. Dada wa fizio hakunigombeza. Alinirudisha mazoezi ya wiki ya tatu kwa siku kumi, na adhabu ilitosha. Kwenye basi kaa, au shika kiti kwa mkono mzima.

Gari au pikipiki, wiki ya sita hivi, na si kabla hujaweza kugeuza usukani ghafla bila kusita. Ubaoni nilianza kuandika usawa wa macho wiki ya nane, nusu ya juu nikamwachia kiranja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Isubiri wiki ya 12, tena uibebe mkono ukiwa chini. Kichwani baadaye zaidi.

Baada ya miezi mitatu

Kazi nzito na michezo hurudi kati ya mwezi wa nne na wa sita. Linganisha mikono miwili: inafika juu sawa? Inafika mgongoni sawa? Mgonjwa una nguvu karibu sawa na mwenzake? Unaweza kuingia mkao wa kurusha polepole bila woga wa kwamba linatoka? Woga huo ni dalili halisi, usiuonee aibu wala kuupuuza. Baada ya hapo anza kurusha mpira mwepesi ukutani, kwanza kutoka kifuani, baadaye juu ya bega.

Kijana wa chini ya miaka 20 ajue kwamba kwa rika lake zaidi ya nusu huteguka tena, hasa wacheza michezo ya kugongana. Likitoka mara ya pili, muulize daktari wa mifupa kuhusu kushonewa ukingo wa gegedu, kwa sababu kila likitoka linakwangua mfupa na mazoezi peke yake yanazidi kuelemewa. Mtu wa miaka 40 na kuendelea hatari yake ni nyingine: misuli ile minne kukatika. Ikipita wiki mbili, maumivu yamepungua na bado huwezi kabisa kuinua mkono mwenyewe, dai ultrasaundi au MRI, vipimo vya picha vinavyoonyesha misuli. Usiambiwe "ni uzee".

Kama fizio iko mbali

Hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zina kitengo cha fiziotherapia, ukiacha zile kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili na KCMC Moshi. Lakini nauli ya kwenda mara mbili kwa wiki inaweza kuzidi matibabu yenyewe. Jipe moyo kwa hili: mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu wazima 482 walioteguka bega mbele kwa mara ya kwanza. Nusu walipewa kikao kimoja cha maelekezo na mazoezi ya nyumbani, wakiruhusiwa kurudi wakipata shida. Nusu wakapangiwa fizio ya ziada. Baada ya miezi sita makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo kama una nauli ya safari moja, itumie vizuri. Nenda mara baada ya wiki ya kwanza. Omba uonyeshwe kila zoezi, ulifanye mbele yake, na umwombe mwenzako akurekodi kwa simu ili ukifika nyumbani ujilinganishe. Uliza mazoezi ya hatua zinazofuata siku hiyo hiyo, na namba ya kupiga ukikwama. Rudi bila kusubiri miadi kama bega limetoka tena, ganzi inaongezeka, au wiki sita zimepita na mkono haufiki usawa wa bega.

Mimi golini sijarudi. Mechi ya mwaka huu nilipewa filimbi. Mistari ya chaki bado iko kwenye fremu ya mlango, kumi na minne, na mke wangu amekataa isifutwe. Sasa mtoto wetu wa mwisho anajipima nayo, na juzi ameufikia ule wa kwanza kwa kuruka.